Lile Bango Lishusheni Stendi

Kwa Waheshimiwa wote wenye saini ya mwisho juu ya Mlima Kilimanjaro,

Salamu kutoka huku chini, upande wa Machame, ambako mlima tunauona alfajiri tu kabla haujajifunika shuka lake.

Kwanza nawapa hongera. Mwaka 2019, ziliposikika habari kwamba Serikali inafikiria kuweka magari ya waya, yale yanayoning'inia hewani, ili mgeni apande mlima akiwa ameketi, nilimwambia mke wangu: hatimaye wameigundua kasoro ya mlima huu. Ni mrefu! Mita 5,895, na tangu Wazungu wawili, Meyer na Purtscheller, wafike kileleni mwaka 1889, hakuna kiongozi aliyethubutu kuupunguza. Wapagazi na waongoza wageni walilalamika kwamba mkate wao utaliwa na waya, lakini hao mnawajua, wamezoea kutembea.

Kisha Agosti 2022 mkatuletea intaneti ya kasi hadi kituo cha Horombo, mita 3,720. Hapo mlinimaliza kabisa. Sasa mtu anaweza kukaa juu ya mawingu akafuatilia dabi ya Kariakoo mwanzo hadi mwisho bila kuinua macho akione kilele cha Mawenzi. Najua mtasema mtandao unasaidia kuita waokoaji. Hilo sibishi, hata mimi nikizidiwa ningependa kuokolewa.

Kwa kuwa mmeonyesha nia ya kumpunguzia mpandaji usumbufu wa kuuona mlima, nami nimeona niwasaidie kwa pendekezo moja la bei nafuu. Nalitoa kwa uzoefu, maana nimepanda mwenyewe, nikiwa na miaka 53, siku saba kwa njia ya Machame, baada ya kuutazama mlima huu kupitia dirisha la jikoni maisha yangu yote.

Siku ya kwanza ni msitu. Miti imefuga ndevu, na maji yanadondoka ingawa mvua hainyeshi. Kijana aliyeniongoza alichutama pembeni mwa njia, akafunua majani kwa kidole, akanionyesha kiua chekundu chenye umanjano, kimejipinda mfano wa mkonga wa tembo. Akasema, "Mzee wangu, hiki hakioti pengine popote duniani, ni mlima huu tu." Nikakitazama kidogo, nikasema kizuri, nikamuuliza, "Kilele bado sana?" Akasimama, akajipangusa goti. "Bado siku tano, mzee."

Siku ya tatu, karibu na Lava Tower, huko juu ambako hata nyasi zinaota kwa kusitasita, niliona aibu kwa jibu langu la msituni nikaamua kuwa mtu wa mazingira. Kule kuna maua meupe, makavu kama karatasi, yanayodumu muda mrefu bila kunyauka. Nikaliona moja nyuma ya jiwe, kubwa kuliko wenzake, linapepea. Nikainama na simu tayari. Kijana akanishika mkono: "Mzee, usiliguse. Hilo siyo ua."

Ilikuwa karatasi ya chooni. Na nyuma ya jiwe lililofuata, nyingine. Ilikuwa bustani nzima, Waheshimiwa, na yenyewe hainyauki.

Kabla ya kufika kambi ya Barranco tukapita kati ya ile miti ya senesio, imesimama kama wazee waliojitanda mablanketi. Majani yake yakifa hayaanguki, yanabaki yamelizunguka shina kulikinga na baridi. Usiku yale mabichi ya juu hujikunja kulinda kichipukizi, na jua likitoka hufunguka. Mti unaojitengenezea koti kwa majani yake yaliyokufa! Nami nilifanya nini? Nilisimama mbele yake, nikauziba, nikapiga picha yangu.

Basi, usiku wa kwenda kileleni tukaondoka kambi ya Barafu saa sita na tochi vichwani, na jua likachomoza tukiwa kilele cha Uhuru. Pale kuna bango la mbao, na mbele ya bango kuna foleni. Nikapanga foleni. Mbele yangu jamaa watano walipiga picha wote pamoja, kisha mmoja mmoja, kisha wawili wawili, kisha na bendera ya kampuni. Zamu yangu ilipofika, simu ilizimika kwa baridi, nikaazima ya kijana. Tulikaa dakika kumi, tukageuka. Nyumbani nilihesabu: picha zangu mwenyewe 41, za bango 9, za kile kiua cha mkonga hakuna hata moja. Cheti kipo ukutani na fremu yake.

Sasa pendekezo. Bango lile lishusheni. Lipelekeni stendi ya Moshi, karibu na wauza karanga, mlizungushie ukuta uliochorwa mawingu. Wekeni mapipa mawili ya barafu ya wauza samaki, feni mbili kubwa, na mtu wa kukodisha makoti. Mgeni alipe kwa dola, apige picha, atapike kidogo kama anapenda uhalisia, apewe cheti chake, na saa nne awe yuko kwenye basi la Arusha. Hakuna waya wa kununua wala nguzo ya kuchimbia msituni. Tena hakuna hatari ya mtu kufikishwa juu kwa dakika chache, mapafu yake yakiwa bado yapo Moshi. Mlima mwenyewe tutawaachia wale wachache wanaotaka kuuona, waende kwa miguu, polepole, na wapagazi wao walipwe vizuri kwa kuwa watakaa siku nyingi.

Na hao wachache wakirudi getini, msiwaulize kama walifika kileleni. Mnajua kupima, hilo nimeliona: mzigo wa mpagazi unawekwa kwenye mizani usizidi kilo 20, na taka zinazorudi nazo zinapimwa. Ongezeni swali moja tu kabla ya cheti: umeona nini? Anayejibu "bango" aelekezwe stendi.

Nikiacha mzaha kidogo, kuna jambo linanikosesha usingizi. Kila mgeni analia kwa ajili ya barafu, na ana haki, kwa sababu kati ya 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya barafu ile ilitoweka. Lakini maji tunayokunywa huku chini hayatoki hasa kwenye barafu, yanatoka msituni. Ukungu unapita, unanaswa na majani madogo ya miti ya erika na zile ndevu za miti, unadondoka tone kwa tone, unazama ardhini, unaibuka kwenye chemchemi, halafu tunagawana kwa mifongo, ile mifereji waliyochimba babu zetu. Msitu hauna anayeulilia, kwa kuwa hautokei kwenye picha ya bango.

Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, pale watu wanapopumzika kati ya vituo vya Mandara na Horombo, ukala vichaka na erika kwa siku kadhaa huku mamia ya watu wakipanda kuuzima. Oktoba 2022 ukawaka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga. Ule wa kwanza ilielezwa kwamba huenda ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Niliposikia hivyo nilimkumbuka kijana mmoja aliyenipita mlimani akihema, amebeba begi mgongoni na kichwani choo cha plastiki cha mgeni mmoja, kitako chake kimefungwa kamba kisifunuke. Choo cha mgeni kina mbebaji wake hadi mita 4,600, lakini mbebaji apashe wapi ugali wake hilo halina kamati. Kama mna fedha za waya, anzeni na jiko la gesi kwenye kila kituo cha kupumzikia, na vyoo vya kutosha njiani, ili mzee mwingine asije akainamia ua la karatasi.

Sitaki kuwachosha, najua mna vikao. Mkiamua kunijibu, msitume kwa mtandao, tumeni mtu aje kwa miguu hadi nyumbani. Nitamkaribisha kwa heshima zote. Ila mwambieni aje na maji yake ya kunywa, kwa sababu mfongo unaopita nyuma ya jiko letu haujatiririka tangu Agosti.

Wenu,
Mkazi wa Machame, mwenye cheti