Hotuba ya Bingwa wa Anwani

Mheshimiwa Mwenyekiti, wageni waalikwa, na nyinyi vijana mliojibanza nyuma karibu na birika la chai, habari za asubuhi.

Nimepewa dakika kumi. Nimezipokea kwa shingo upande, maana elimu niliyo nayo kuimimina katika dakika kumi ni kama kuchota bahari kwa kijiko. Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni “mdau wa kompyuta”. Namsamehe. Mimi ni Bingwa. Cheo hiki sikutunukiwa na mtu; nilikitwaa mwenyewe baada ya kuona kimekaa bila mwenyewe.

Mmesikia bila shaka kilichotokea mlangoni asubuhi hii. Programu ya kusajili wageni, niliyoiandika kwa kujitolea, ilinitaka niandike jina. Mimi, niandike jina! Nikabonyeza Enter na kupita. Programu ikazimia papo hapo. Wenye hila wanasema ni kasoro. Mimi nasema ilikuwa ni heshima. Hata hivyo, kwa faida ya sayansi, nilifanya uchunguzi kwa kutumia zana iitwayo addr2line, na uchunguzi huo ndio somo la leo.

Zana hii imo ndani ya mkoba wa GNU uitwao binutils, na aliye na gcc kwenye Linux yake kwa kawaida anayo tayari, hata kama hajawahi kuisalimia. Haina vitufe wala madirisha. Unaiandikia kwenye terminali, inakujibu kwa mstari mmoja au miwili, basi. Ina maneno machache kuliko shemeji aliyenuna.

Sasa sikilizeni kwa makini, hapa pana kina. Ule msimbo mnaouandika, wenye majina ya kupendeza na matusi ya pembeni, kompaila ikishaupitia unageuka mtaa mrefu wa nyumba zisizo na rangi. Kila nyumba ina namba, na namba zenyewe ni za msingi wa kumi na sita: ukimaliza 9 inakuja a, na hubebi mpaka uvuke f. Programu ikifa, Linux haikuambii imefia kwa mama nani. Inakuambia imefia kwenye nyumba yenye namba fulani. Utamjuaje mwenye nyumba? Utakwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Huyo mjumbe ndiye addr2line: mpe namba, atakuambia ni faili gani, mstari wa ngapi, na ukimwongezea -f, anakutajia hata fanksheni.

Nilimwendea mara moja. Niliandika `addr2line -e wageni`, nikabonyeza Enter, nikakunja mikono. Kimya. Nikangoja. Nikawaeleza waliokuwa karibu kwamba zana inatafakari, kwa kuwa swali langu ni zito. Dakika nane zikapita. Ndipo binti mmoja wa mafunzo kazini, anayevaa viatu vya raba ofisini, akaniambia kwa sauti ya chini, “Shikamoo mzee. Hujaipa anwani. Inakungoja wewe.” Ni kweli: ikikosa anwani kwenye amri, hukaa kusubiri uiandikie. Nilijua. Nilikuwa napima subira yake.

Nikachukua anwani kutoka kwenye kumbukumbu za Linux, nzima nzima, ndefu kama mkeka wa wageni, ikianza na 55. Jibu likaja:

`??:0`

Alama mbili za kuuliza, na sifuri. Mabibi na mabwana, nimefundisha miaka mingi, lakini sikuwahi kuulizwa na mashine. Nilianza kuijibu. Binti akaingilia tena: “Mzee, uliijenga na -g?”

Hapo ndipo linapokuja suala la daftari. Mjumbe hana uganga, ana daftari. Daftari hilo huandikwa na kompaila pale tu unapoipa -g, na muundo wake unaitwa DWARF. Jina hilo lina mzaha ndani yake: faili za programu kwenye Linux ni za muundo uitwao ELF, neno ambalo kwa Kiingereza ni kibwengo, basi mwenzake akaitwa mbilikimo. Toleo lake la 5 lilitoka mwaka 2017. Na staajabuni: orodha ya nyumba na mistari haikuandikwa humo safu kwa safu, kwa maana ingekuwa nene kuliko mtaa wenyewe. Kilichomo ni kiprogramu kidogo chenye maagizo ya mkato, “sogea nyumba nne, panda mistari miwili, andika”, na anayetaka orodha lazima ayatekeleze maagizo hayo mpaka orodha imzukie mbele. Yaani ndani ya programu yenu mna programu nyingine ambayo kazi yake ni kukumbuka programu ya kwanza ilitoka wapi. Mimi nikilifikiria hili hukosa usingizi, na mke wangu ni shahidi.

Sikutumia -g. Mtu wa hadhi yangu hajengi akitarajia kuanguka.

Binti akaijenga upya, na -g na -O2. Nikarudi mlangoni, nikakataa tena kuandika jina, ikazimia tena. Nikampa mjumbe anwani mpya. `??:0`. Kumbe siku hizi gcc nyingi hujenga programu zisizo na makao ya kudumu. Kila ikiwashwa, Linux hung’oa mtaa mzima na kuupanda pengine, ili wezi wasiuzoee. Daftari la mjumbe linahesabu nyumba tangu mwanzo wa mtaa, na mimi nilikuwa nampa namba ya mahali mtaa ulipolala asubuhi hii. Lazima utoe. Kumbukumbu za Linux zilionyesha pia pale kipande cha msimbo kilipoanzia, 55d0c3a4b000, na kifo kilitokea 55d0c3a4b1c7. Nikatoa kwa kidole hewani, nikapata 0x1c7. Nikampa. `??:0`.

Nilimtukana. Nakiri.

“Ongeza 0x1000,” akasema yule binti, akila karanga. Kipande cha msimbo hakikuanzia mwanzoni mwa mtaa, ila nyumba 0x1000 mbele. Akanionyesha kwa `readelf -l`. Hivyo 0x11c7. Na kwa wale wanaopenda kuchapa mlolongo mzima wa waliokuwa wakiitana kabla ya kifo: anwani hizo za kurudia huelekeza kwenye agizo linalofuata wito, si kwenye wito wenyewe, kwa hiyo punguzeni moja, la sivyo mtagonga kwa jirani. Na mkimpa mteja programu iliyopitishwa kwenye `strip`, bakizeni nakala yenye daftari kabatini. Kuijenga upya baada ya mwezi, msimbo umeshaguswa, ni kumpa mjumbe daftari la mtaa mwingine. Atakujibu bila kusita, na atakudanganya.

Haya. Jibu la mwisho, ambalo nimelihifadhi kwa ajili ya hadhara hii tukufu: `nakili_jina`, mstari wa 14. Programu ilijaribu kusoma jina kutoka anwani sifuri, ambako hakuna kitu. Na `nakili_jina`, Mheshimiwa Mwenyekiti, ni fanksheni pekee ambayo sikuiandika mimi. Iliandikwa na huyo binti. Simkemei. Ujana ni moshi.

Naona mkono umenyoshwa. Ni yeye. Sema, mwanangu.

Anasema niongeze -i. Anadai kwa -O2 kompaila hubomoa fanksheni ndogo na kuzimwaga ndani ya wale waliozialika, na mjumbe asipoulizwa humtaja mpangaji wa chumba cha ndani tu, bila kumtaja mwenye nyumba. Hakuna ubaya. Sayansi haiogopi herufi moja. Projekta iko sawa? `addr2line -e wageni -f -i 0x11c7`. Someni pamoja nami.

`nakili_jina`, mstari wa 14.

`sajili_mgeni`, mstari wa 88.

`main`, mstari wa 131.

Aha. Mstari wa 88 ndio unaompa `nakili_jina` jina bila kutazama kama jina lipo. Ni… ni mstari mfupi sana. Una mtindo wake. Mtu angeweza kusema umeandikwa na mtu asiyetegemea kuwa yupo mgeni wa kukataa kuandika jina.

Anauliza sasa nani aliandika `sajili_mgeni`.

Mwenyekiti, zile dakika kumi hazijakwisha bado?