Wageni wa Juu ya Gari

Agosti Dodoma huleta upepo, vumbi na mashemeji kutoka Ulaya. Upepo unafungiwa mlango, vumbi lina ufagio. Shemeji hana dawa.

Wangu anaishi Hamburg, na safari hii hakutaka kulala kwetu. Alikodi Arusha gari refu lenye hema lililokunjwa juu ya paa, jiko la gesi nyuma, friji ndogo inayonguruma kama mzee aliyeshiba, na ngazi ya alumini. Alipoliegesha mbele ya nyumba, majirani walikuja kuuliza tunahamia wapi. Mambo ya kawaida, shemeji akanifahamisha. Huko duniani watu wazima hununua nyumba yenye magurudumu, wakastaafu humo, wakazunguka kutazama vioja vya barabarani. Marekani kuna mji mdogo unaitwa Cawker City, jimbo la Kansas, ambako familia nzima hufunga safari kwenda kuona donge la kamba. Nikamwambia arudie. Donge la kamba. Mkulima mmoja, Frank Stoeber, alianza kuviringisha kamba za kufungia majani makavu mwaka 1953, na leo donge hilo limepita tani tisa, limeezekewa paa lake, na kila Agosti watu hukusanyika kuliongezea kamba nyingine.

Kamba ya nini? Ya katani.

Hapo damu ilinipanda. Mwaka 1953 Tanganyika ndiyo iliyoongoza dunia kwa katani. Manamba wamechomwa na miiba ya mkonge Tanga, mtu wa Kansas akapata cha kuviringisha, na sasa natakiwa nistaajabu! Sitashangaa nikiambiwa nusu ya lile donge ni letu.

"Na sisi njiani tuna nini?" akauliza.

Nikamjibu tuna mnada wa Msalato Jumamosi, nyama choma isiyohitaji ngazi. Hakunisikia. Alishafungua simu na kupata Michoro ya Miambani ya Kondoa, Urithi wa Dunia tangu 2006, ofisi yake iko Kolo. Kolo naijua kama inavyojulikana na kila abiria wa basi la Arusha: kondakta anaitaja, unafumbua jicho moja, unalifumba. Mke wangu akasema nimsindikize kaka yake. Hakusema kwa sauti ya kuuliza.

Barabara sina neno nayo. Kilomita 251 za lami kutoka Dodoma hadi Babati, zilizinduliwa 2018, na waliowahi kwenda Kondoa kabla ya hapo wanajua kwa nini naisifu. Basi lingetushusha Kolo mapema. Sisi tulifika alasiri, maana mwenye nyumba ya magurudumu husimama penye kila mbuyu akapiga picha. Kati ya Mayamaya na Haneti nilimsihi atuachie mibuyu michache ya kurudia.

Ofisini dada wa mapokezi aliuliza swali dogo: Mtanzania? "Mzaliwa wa Mpwapwa," shemeji akajibu kwa kifua. Pasipoti? Akaitoa, nyekundu, ina tai wa Kijerumani. Sheria yetu haina uraia pacha. Dada akahamisha kidole kwenye safu ya bei za wageni. Shemeji akataja ukoo, akataja shule ya msingi, akataja kaburi la bibi yake, akamaliza kwa Kigogo. Dada alimsikiliza kwa adabu zote, akampa risiti ya mgeni.

Laiti wangemtoza bei yangu! Mtu aliyelipa bei ya mwenyeji huona jiwe moja akaridhika. Aliyelipa ya mgeni anataka thamani ya hela yake, na eneo lenyewe ni kilomita za mraba zaidi ya elfu mbili. UNESCO wanasema mapango yenye michoro ni kati ya 150 na 450. Kati ya! Nikimwambia mke wangu mshahara wa mwezi huu ni kati ya laki moja na nusu na laki nne na nusu, nitalala juu ya gari mwaka mzima. Nashukuru mwongozaji wetu, mzee mpole mwenye magoti mazuri kuliko yangu, aliamua Mungomi wa Kolo inatosha kwa siku moja.

Inatosha kweli. Unaiacha lami, unashika njia ya mawe kilomita kama tisa, vyombo vya shemeji vikigongana nyuma, kisha unapanda kwa miguu. Hakuna aliyenitajia kupanda. Donge la Kansas, nimeuliza, liko tambarare.

Lakini nisiwe mchoyo. Ile michoro ni kitu. Watu wekundu, warefu, wembamba kuliko kawaida, vichwani wana kitu kikubwa ambacho wengine husema ni nywele na wengine husema ni vazi. Mkono uliowachora haukutetemeka: mstari mmoja, na goti lipo, na mtu anakwenda. Kuna na wanyama. Umri wake unabishaniwa, ila hata wanaohesabu kwa tahadhari hawashuki chini ya miaka elfu mbili, na wengi huihusisha na wawindaji wa zamani, wazee wa Wasandawe na Wahadzabe. Juu yake na pembeni imepakwa mingine, myeupe, minene, ya mtu aliyetumia kidole na kuwahi mahali. Hiyo ni ya wakulima waliokuja baadaye, mzee akasema, yaani wa kwetu. Nikatazama pembeni.

Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alipiga kambi huku na mumewe Louis, akainakili michoro hii kwa miezi mitatu; kitabu chake kilitoka 1983. Shemeji alilipokea jambo hilo kama hoja ya mahakamani: unaona, Mama Leakey naye alilala hemani! Nikamjibu Mama Leakey hakuwa na gesti Kondoa mjini zenye neti na maji ya moto ya ndoo. Kuna mchoro mmoja ambao mama huyo aliuelewa kuwa ni watu waliovaa vinyago wakimteka mwanamke. Niliutazama sana. Kwa macho yangu wale ni mashemeji wanamvuta dada yao asiondoke kabla mahari haijatimia, na hilo nimelishuhudia Mpwapwa bila kinyago.

Chini ya mwamba nikaona mashimo. Nilidhani ya matambiko, maana wenyeji bado hupanda hapa na pombe yao kuomba mvua na uzima. Mzee akacheka. Hayo ni ya dhahabu. Aprili 1916 Waafrika Kusini wa Jenerali van Deventer waliiteka Kondoa. Mei kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akaja kuirudisha, akashindwa, Wajerumani wakaondoka zao. Na Mjerumani aliyeondoka kwa haraka, kila mtu nchi hii anajua, lazima ameacha dhahabu. Kwa hiyo penye alama mwambani, watu huchimba. Urithi wa Dunia unawatazama kutoka juu, wao wana sururu.

Usiku tulipiga kambi kando ya korongo kavu. Shemeji alipika makaroni kwa furaha ya mtoto. Mama mmoja aliyepita na ndoo kichwani alisimama, akatazama ngazi, akaniuliza kwa huruma, "Baba, mmefukuzwa nyumba?" Sikuwa na jibu fupi.

Baadaye kidogo wakaja wazee wawili, kanzu na kofia, na tochi. Nikawaamkia, tukawapa viti vya kukunja. Waliuliza hali ya Dodoma, hali ya mvua, hali ya watoto. Kisha mmoja akakohoa.

"Tumesikia mgeni anatoka Ujerumani."

Walikuwa wamesikia kwa sababu shemeji alikuwa ameshalalamikia suala la pasipoti katika kila duka la Kolo.

"Babu yake aliwahi kufika huku?"

Nikasema babu yake alikuwa mchunga ng'ombe wa Mpwapwa. Wakatazamana. Mtu wa Mpwapwa, pasipoti ya Kijerumani, ameacha gesti, amelala porini, ameshinda mwambani akipiga picha kila alama. Hata mimi nilianza kusikia jinsi habari hiyo inavyosikika.

"Sisi hatuna ugomvi, Baba," akasema wa pili. "Mkipata, kijiji msikisahau. Msikiti wetu unadai bati."

Niliwaahidi bati. Ningefanyaje? Walipoondoka nilipanda ngazi, nikalala ubavu kwa ubavu na shemeji, upepo ukilitikisa hema, friji ikinguruma chini yetu, na usingizi ukakataa. Mwisho nikamuuliza lile koleo dogo alilolifunga nyuma ya gari ni la nini.

"La kuchimbia choo," akasema gizani.

Koleo jipya, la Kijerumani, ala yake ya ngozi. La choo.

"Shemeji," nikamwambia, "mimi ndiye niliyemwoa dada yako. Sema ukweli."