Usiulize Jina, Uliza Maji

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kila ukoo Tanzania hugundua kwamba una mtaalamu wa elimu ya juu. Mara nyingi ni mjomba, na ushauri wake haubadiliki: nenda chuo chenye jina, kasome kitu chenye ajira. Ni ushauri mtamu, tatizo ni kwamba rekodi ya wajomba katika utabiri wa ajira inatisha kuliko ya mkeka wa kubeti. Waliposhika ualimu, mhitimu alikuwa akipangiwa kituo moja kwa moja, analala mwanafunzi anaamka mtumishi wa umma. Leo mwalimu anaitwa kwenye usaili kama mtu mwingine yeyote, tena akiwa amesubiri miaka. Kisha ikagunduliwa gesi ya kutosha katika bahari ya kusini, wajomba wakahamia kwenye petroli. Vyuo navyo vikafungua shahada za petroli na gesi, vijana wakajaa, na ule mradi mkubwa wa kusindika gesi kule Lindi ukaendelea kukaa kwenye mazungumzo mwaka hadi mwaka. Simlaumu mjomba. Hata wachumi wenye miwani mizito hawajui nani ataajiriwa miaka minne ijayo. Ninachouliza ni kwa nini uamuzi mzima uegemezwe kwenye jambo lisilojulikana, ilhali yapo mambo mengi yanayojulikana, tena yenye uwezo wa kukutoa machozi ndani ya wiki ya kwanza.

Mambo yenyewe ni haya: maji yanatoka saa ngapi, kutoka kitandani hadi darasani ni mwendo gani, sahani ya wali maharage jirani na geti ni shilingi ngapi, na ukikosa chumba cha chuo unalala wapi. Yanaonekana madogo kwa sababu hayaandikwi kwenye mwongozo wa udahili. Chukua umbali tu. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kilijibana katika jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wake, wote wa sheria, hawakufika hata ishirini. Mwaka ule aliyechelewa kipindi alijulikana kwa jina, na ukoo wake pia. Leo chuo kiko kilimani, sehemu ya wanafunzi wanalala Mabibo, na kati ya chuo na Mabibo kuna daladala, foleni na kondakta asiyejali kwamba una jaribio saa moja asubuhi. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kilipangwa kwa ajili ya wanafunzi 40,000, na ndaki zake zikatawanywa juu ya vilima. Kwenye picha inapendeza sana. Aliyechagua kwa picha atakuja kuelewa, saa saba mchana, juani, akiwa na viatu alivyonunuliwa kwa ajili ya mahafali, kwamba mpiga picha alisimama mbali kwa sababu maalumu.

Sasa kitanda. Mwaka wa kwanza wengi hufika na barua ya udahili, cheti cha afya, picha ndogo za pasipoti za kutosha kugombea ubunge, na imani kwamba chumba kipo. Kama hakipo, kuna taasisi isiyo na mkuu wala bajeti lakini inafanya kazi kuliko nyingi zenye vyote viwili: kubebana. Mwenye chumba anambeba asiye na chumba, yaani watu wazima wawili wanagawana godoro la futi mbili na nusu, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Anayebebwa hujifunza haraka kanuni zake. Haugui usiku. Hageuki bila taarifa. Alfajiri yeye ndiye anayeshuka na ndoo mbili, kwa sababu kodi yake ni maji, na akirudi na ndoo tupu anapewa nafasi ya kueleza kilichotokea mbele ya chumba kizima. Siyabezi maisha hayo; urafiki mwingi imara umeanzia hapo. Nasema tu kwamba swali la kitanda lingeulizwa mwezi Julai, lisingejibiwa mwezi Novemba kwa miguu ya mtu mwingine usoni.

Lakini hakuna jambo dogo linalozidi ukubwa wa sahani ya wali. Posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, ila haiji kwa siku. Inakuja kwa mkupuo, na huo mkupuo ndio bumu. Kijana ambaye maisha yake yote amekuwa akiombea nauli ghafla anaona laki sita kwenye akaunti yake, na akili inafanya hesabu ambayo haikuwahi kufundishwa kwenye tahasusi ya EGM: sabufa kwanza, chakula kitajiju. Wiki ya sita sabufa inauzwa kwa nusu bei ili inunuliwe mihogo. Hapo watu wazima hutoa hotuba juu ya nidhamu ya fedha. Mimi naona heri tupige hesabu. Kama sahani jirani na chuo kimoja inazidi ya chuo kingine kwa shilingi 500, na unakula mara mbili, kwa siku 60 ni shilingi 60,000. Hizo ni siku sita za bumu zilizoliwa na eneo ulilochagua, kabla sabufa haijaingia kwenye mjadala. Hakuna jedwali la ubora wa vyuo duniani linalotaja jambo hilo.

Mjomba atakohoa hapa na kusema: je, jina la chuo? Mwajiri ataangalia cheti kimetoka wapi. Basi tukumbuke Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipoita watu kwenye usaili wa nafasi 70, na waliojitokeza, zaidi ya 10,000, wakapelekwa Uwanja wa Taifa kwa sababu hapakuwa na ukumbi wa kuwatosha. Hakukuwa na jukwaa la chuo chenye jina na jukwaa la vyuo vingine. Walikaa wanapokaa mashabiki wa Simba na Yanga, na wengi wao walitoka kwa matokeo yale yale. Mjomba akishindwa hapo, atageukia hoja ya pili, ile ya koroboi: sisi tulisoma kwa shida, shida hujenga. Sawa, ila shida iliyojenga ilikuwa haiepukiki. Ile ambayo ingeepukwa kwa simu ya dakika tano haijengi mtu yeyote, inampa tu vidonda vya tumbo. Na kuna hoja ya tatu, ambayo naikubali bila ubishi: kozi kwanza. Asiyetaka kuwa mhasibu asiende kwenye uhasibu kwa kufuata bomba la maji. Angalia kama tahasusi yako inakubalika, na ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kabla dirisha halijafungwa, si baada ya kikao cha ukoo. Nayo kozi hiyo itafundishwa mahali fulani, na mahali penyewe itabidi ufike. Ratiba ya mwaka wa kwanza huandikwa kwa vifupisho ambavyo mwandishi wake tu ndiye anayevielewa, ndiyo maana kila Novemba yupo mwanafunzi wa fasihi anayenakili kurasa tatu za uimara wa zege, kwa mwandiko mzuri, kwa kuwa amekaa safu ya katikati na anaona aibu kuinuka.

Majibu ya maswali haya yote anayo mwanafunzi wa mwaka wa pili. Wa mwaka wa tatu ameshazoea na amesahau; wa kwanza bado anatafuta darasa. Ila angalia siku ya kumpigia. Ukimpata bumu limeingia jana, atakuambia chuo ni pepo, maji yapo, chakula rahisi, njoo tu. Mpigie wiki ya sita. Hapo utaelezwa ukweli mtupu, kuanzia bei ya mihogo hadi bomba lipi linatoa usiku, kwa utulivu na bila haraka, na kabla hujakata simu atakuuliza kama una elfu tano ya kumrushia.