Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ardhi Juu ya Bei ya Giza Letu

Bwera, Wilaya ya Kasese

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji,
Kampala.

Mheshimiwa,

Nakuarifu kwamba sisi wa huku Bwera tu wazima, mvua inanyesha kwa wakati wake na pengine bila wakati wake, na kahawa imeanza kuiva. Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa ujuvi, bali kwa sababu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 iliifanya lugha hii kuwa ya pili miongoni mwa lugha rasmi za nchi, na tangu siku hiyo imekuwa ikingoja barazani mfano wa mgeni aliyealikwa karamuni kisha wenyeji wakasahau kumfungulia mlango. Nami nimeona si vibaya ikapata angalau barua moja ya kushika mkononi wakati inangoja.

Haja yangu ni hii. Mwezi uliopita alitufikia bwana mmoja kutoka mji mkuu, mtu mpole, mwenye viatu vya gharama na adabu ya kutosha, akitafuta ardhi ya kununua mlimani. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu mstaafu na watu hudhani kwamba aliyeshika chaki hakosi kuelewa mambo ya hati, nilitakiwa nifuatane naye. Akatueleza sifa za shamba alitakalo: liwe mbali na barabara, lisiwe na nguzo ya umeme hata moja karibu yake, maji yake yawe ya kijito, choo chake kiwe cha shimo, chakula kipikwe kwa kuni, na usiku pawe na giza la kutosha kuzitazama nyota. Maisha hayo, alisema, huitwa kuishi nje ya gridi, na huko Marekani na Ulaya wako watu waachao kazi zenye mishahara minono ili wayapate. Tulitazamana, Mheshimiwa. Tangu zama za babu zetu tunayo mali hii, twailalia na kuiamkia, wala hakuna afisa hata mmoja, katika wote waliopita kutuhesabu na kutuandika, aliyetudokeza kwamba ni mali. Wao waliiandika katika safu ya umaskini.

Basi kwanza naomba safu hiyo isahihishwe. Bibi achukuaye mtungi wa maji kutoka bondeni asiandikwe tena kuwa ni mhitaji. Aandikwe kuwa ni mwasisi wa maisha ya nje ya gridi, mwenye tajiriba ya miaka sitini, na ikiwezekana alipwe ada ya kuwafundisha wanaoanza.

Pili, na hapa ndipo ilipo hofu iliyonishikisha kalamu, naomba wizara yako iseme na wenzake wa nishati wasije wakatuharibia biashara. Mwaka 2012 wilaya yetu, ikishirikiana na shirika la WWF, ilitangaza kwamba ifikapo 2020 kila nyumba ya Kasese itakuwa inatumia nishati safi, ya jua, ya maji, ya samadi na mfano wa hayo. Lau ahadi ile ingalitimia yote, leo tungalikuwa tumekwisha kufilisika: taa katika kila dirisha, nyota zimefifia, na bei ya viwanja imeporomoka. Lakini Mungu si Athumani. Mwaka 2020 ulipofika, aliyefika nyumba kwa nyumba bila ya kubagua alikuwa ni mto Nyamwamba, ambao mwezi wa Mei ulifurika kama ulivyofurika Mei ya 2013, ukachukua nyumba na madaraja, na hospitali ya Kilembe nayo haukuisaza. Hata umeme wenyewe umetuonyesha muruwa wa ajabu: mto Mubuku, unaoteremka kutoka katika theluji yetu, unazungusha mitambo ya Bugoye yenye uwezo wa megawati 13 tangu 2009, na umeme ule, ukishazaliwa huku kwetu, hupita juu ya mapaa mengi kwa taadhima, bila ya kubisha hodi, ukaenda zake kulala mijini. Uendelee vivyo hivyo, tafadhali, mpaka tutakapokwisha kuuza.

Yule bwana alitaka pia shamba lenye mwinamo wa wastani, apate mahali pa kupiga hema na kuwasha moto wa jioni pamoja na rafiki zake. Nikamfahamisha kwamba tambarare za wilaya hii zina wenyewe. Huko chini wako tembo na nyati wa Queen Elizabeth, waliopata hifadhi yao mwaka 1952. Huko juu iko Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, kiasi cha kilomita za mraba 1,000, iliyotangazwa mwaka 1991 na kuandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1994. Zaidi ya nusu ya wilaya imekwisha kupewa wanyama, misitu na majani, na binadamu tumeachiwa kilichobaki katikati, yaani mbavu za mlima, ambako mtu hulima muhogo akiwa amesimama mguu mmoja juu kuliko mwingine. Zamani wazee walipanda msituni kutafuta mianzi na asali, na siku hizi apandaye bila ya ruhusa kwa shughuli hiyo ni mhalifu, ilhali apandaye na fimbo mbili za alumini ni mgeni wa taifa, na Mkonzo, mwenyeji wa mlima huu, akiwa na bahati humtangulia akiwa amembebea mzigo. Silalamiki, kwani desturi hii ina historia: Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Kiitalia, alipokuja mwaka 1906, nao wachukuzi wakiwa ni Wakonzo, alikipa kilele kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,109, jina la Margherita, malkia wa kwao, na ile milima mikubwa sita yenye theluji ikaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Speke alifariki mwaka 1864 bila ya kuutia mguu mlima huu. Naye Kitasamba, ambaye wazee wetu walimjua kuwa ndiye mwenye makao kule thelujini, hakupewa hata jiwe. Kununua kwa fedha, kwa hiyo, ni maendeleo makubwa, maana waliotangulia walichukua kwa kutaja tu.

Juu ya sheria nilimweleza niliyoyajua: kwamba Katiba ya 1995 imesema ardhi ni ya raia wa Uganda, na kwamba mwenzake wa ng'ambo, ambaye yule bwana alisema watashirikiana naye katika mradi, hawezi kupewa ila kwa kukodishwa, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Hilo halikumkera, lililomkera ni kwamba alitaka dirisha lake lielekee theluji, nami nikalazimika kumwambia kwamba barafu ya Rwenzori, ambayo mwaka 1906 ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 6 na nusu, wataalamu walipoipima mwaka 2003 walikuta haitimizi hata moja. Mkataba utaishi kuliko mandhari. Pengine wizara yako ingebuni mkataba mfupi zaidi, wa kwisha siku moja na theluji.

Kuna neno moja, Mheshimiwa, ambalo sikuweza kulisema kwa mzaha nilipokuwa naye, wala siliwezi sasa. Katika vitabu vyenu ardhi huitwa mali isiyohamishika. Mwezi wa Septemba 2022, baada ya mvua kubwa, ardhi ya Kasika, katika kata ya Rukoki, ilihama kutoka mahali pake ikazifukia nyumba na watu wapatao 15, wengi wao wanawake na watoto. Hawakuwa wamejenga pale kwa ajili ya kutazama nyota. Yule bwana aliposikia habari hiyo alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mteremko huo uko karibu na shamba tunalokwenda kuliona.

Tulipofika alipapenda. Alitoa simu ili aitume picha kwa mwenzake, na simu, kama ilivyo kawaida ya simu nyingi za huku mpakani, ikashika mtandao wa ng'ambo ya mto Lubiriha na kumkaribisha Kongo. Akahuzunika, akauliza mnara utajengwa lini, maana hawezi kuishi nje ya gridi mahali ambapo hapana intaneti. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa amefuatana nasi na muhuri mfukoni, muhuri wenye maradhi ya kukauka wino mpaka ulowanishwe, alimhakikishia kwamba mnara utakuja. Ningetaka kujua, Mheshimiwa, ni kwa nini mnara waweza kuahidiwa mnunuzi kwa siku moja.

Mwenye shamba ni shangazi yangu, mjane. Bwana alitaja bei ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kijijini kwetu, na wanawe wawili walikwisha kuanza kuigawa kwa macho. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akageuza muhogo wake juani, akasema kaburi la mumewe liko pale chini ya migomba na yeye hatii dole gumba katika karatasi yoyote. Lakini mgeni asirudi na huzuni: akitaka kukaa bila umeme, aje akae kwake siku tatu bure, maji atachota mwenyewe.

Hajarudi bado. Shangazi anauliza nguzo zitafika lini.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Bwera