Jinsi ya Kutakatisha Gunia la Noti

Ndugu yangu mwenye gunia la noti za umma chini ya kitanda, sogea nikuelekeze.

Anza kwa kuhesabu. Nchini Kenya, fedha taslimu zikifika dola 15,000, benki huzitolea taarifa serikalini. Ukizigawa mafungu madogo madogo na kumtuma kila mpwa wako kwenye tawi lake, umejichongea zaidi: muamala wa kutiliwa shaka huripotiwa hata uwe mdogo vipi.

Ukiona heri zibaki chini ya kitanda, kumbuka 2019. Siku ya Madaraka, Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, alitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kutumika mwisho wa Septemba. Wenye zao za halali walizipeleka zikabadilishwa. Noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi, yaani zaidi ya shilingi bilioni 7 zikawa karatasi tupu. Sidhani zote zilikuwa za wizi. Pengine bibi fulani kijijini aliyeficha akiba mtunguni naye alipitwa, na hilo linaniuma.

Basi jenga ghorofa, uliandikishe kwa jina la shemeji. Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo penye meno ya Sheria ya Mapato ya Uhalifu ya 2009. Shirika la Kutwaa Mali ya Wizi halingoji ufungwe. Likiwa na ushahidi, huenda Mahakama Kuu likaliandama ghorofa lenyewe: limetoka wapi? Shemeji anayeishi kwa mshahara wa ualimu ataulizwa alilijengaje. Akikosa jibu, jengo linachukuliwa na serikali, hata kama wewe hujatiwa hatiani kwa lolote. Wapo wanaoliita jambo hilo uonevu. Mimi naliita haki, kwa sababu fedha zile zilikuwa dawa za zahanati, na mama aliyejifungua kwa mwanga wa simu hakuulizwa kama ameridhia.

Nawe ukipatikana na hatia ya kutakatisha fedha, kifungo hufika miaka 14.

Imebaki njia moja, nayo nakuomba uifuate. Beba gunia ulirudishe. Noti zihesabiwe mbele yako na mbele ya wakili wako, udai stakabadhi. Kisha pitia kwa shemeji umweleze yote. Jina lililo kwenye hati ni lake.