Nyumba ya Mafungu Arobaini

Mtoto wa Malindi akitaka kwenda Italia kusomea biashara, nyumba yao hupimwa kabla yake. Sisi hatukulijua hilo. Mdogo wangu alipopata nafasi ya kusoma Torino, shahada ya miaka mitatu ya biashara na menejimenti inayofundishwa kwa Kiingereza, tuliona kazi imekwisha, imebaki viza na nauli. Akatuketisha ukumbini baada ya Isha, akatusomea masharti ya msaada wa masomo. Kule Italia msaada huo hutolewa na mikoa, na mgeni pia huupata, ila huangaliwa uwezo wa familia nzima: nani wanaishi nyumbani, kila mmoja anachuma nini, benki mna kiasi gani, na nyumba ina mita mraba ngapi. Nyumba iliyo nje ya Italia huhesabiwa kwa euro 500 kila mita mraba. Iwe ya marumaru, iwe ya udongo na fito, hesabu ni hiyo hiyo.

"Kila mita?" Bibi akauliza. "Hata ile inayovuja?"

"Hata ile, Bibi."

Kwa nini Italia, hakuna aliyeuliza. Waitaliano tunao tangu miaka ya 1960, walipokuja Ngomeni na mradi wao wa San Marco. Kutoka jukwaa lao la baharini ndipo iliporushwa setilaiti ya Marekani tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Nyuma yao zikaja hoteli na majumba ya kifahari. Mama amepika katika jikoni za hoteli hizo tangu ujana wake, na Kitaliano anakizungumza bila kutafuta neno, lakini tafsiri yake haina muhuri, kwa hiyo kila karatasi tuliilipia kwa mkalimani anayetambuliwa.

Kila masika watalii huondoka, milango ya hoteli hufungwa, na wapishi hurudi makwao bila mshahara mpaka msimu ugeuke. Mdogo wangu amekulia ndani ya miezi hiyo. Tangu shule ya upili alikuwa akiuliza hesabu hiyo hupigwaje, hoteli ifungwe miezi mitatu na mwenyewe bado apate faida, na mpishi aliyemletea faida hiyo akope unga dukani. Hilo ndilo analolifuata Torino. Mimi sijaona sababu bora ya kusoma biashara.

Jumamosi Ami akaja na tepu ya fundi. Yetu ni nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba sita, na uani jiko na choo. Paa lilikuwa la makuti, sasa ni mabati. Ami akashika ncha moja, mimi nyingine, mdogo wangu akaandika. Mita 9 kwa 14. Akapiga hesabu mara mbili ili awe na hakika: mita mraba 126, euro 63,000. Kwa pesa zetu ni zaidi ya milioni nane.

Ami alizitamka hizo milioni nane kwa sauti kubwa, na dirisha lilikuwa wazi.

Kufika Alasiri habari ilikuwa imeshavuka daraja la Sabaki hadi Mambrui, alikoolewa Shangazi: nyumba ya marehemu baba yako imeuzwa kwa Mtaliano, milioni nane, na ndugu zako ndio wapimaji. Siwalaumu walioipeleka. Watu wa hapa wameona viwanja vya ufuoni vikienda namna hiyo hiyo, kwanza tepu, kisha mgeni, kisha ukuta na bawabu.

Shangazi akashuka kwenye matatu kabla ya Magharibi, na binti zake wawili nyuma. Alimwamkia Bibi, hakuketi, buibui hakulivua.

"Mama, nimekuja kujua fungu langu liko wapi."

Baba akasema hakuna kilichouzwa. Ami akasema mambo ambayo siyaandiki. Mama akaleta chai na mahamri, hakuna aliyegusa. Shangazi akawauliza kaka zake, tangu baba yao azikwe, ni lini walimwita kuzungumza habari ya mirathi? Hapo wote wawili wakanyamaza, maana ilikuwa kweli. Urithi wa Babu haujagawanywa. Kila mtu aliona haya kuutaja Bibi yu hai, isije ikaonekana anafukuzwa katika nyumba ya mumewe. Heshima hiyo ilitufaa sisi tuliomo ndani. Yeye wa Mambrui ndiye aliyeigharamia.

Bibi akaniagiza kasha chini ya kitanda. Mlikuwa na risiti za kodi ya kiwanja, zote kwa jina la Babu, maana kuta ni zetu lakini ardhi ni ya mwenyewe. Wengi wa mwambao huu wanaishi hivyo. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wajitokeze wadai ardhi zao. Wasiopata habari wakabaki na majumba yaliyosimama juu ya mali ya wengine. Bibi akampa Shangazi risiti zote. "Soma," akamwambia. "Nani atauza asichokuwa nacho?"

Hapo mdogo wangu akaja na daftari lake, akaketi miguuni pa Shangazi.

"Shangazi, ukidai haki yako, unanisaidia mimi."

Akamwonyesha. Nyumba ikiandikwa yote kuwa ya Baba, sisi ni watu wa euro 63,000. Ikigawanywa kwa sheria, hupatikana mafungu arobaini: Bibi thumuni yake, yaani matano, Baba kumi na manne, Ami kumi na manne, Shangazi saba. Warithi wanaoishi humu ni Bibi na Baba, jumla mafungu kumi na tisa, na hayo ni euro 29,925. Chini ya nusu.

Shangazi akamwambia arudie. Akarudia polepole, akimpa kalamu aandike mwenyewe. Shangazi alipoandika saba yake, akaketi, akavua buibui, akaomba chai.

Yaliyofuata yalikuwa mbio tu. Wote wakaenda kwa Kadhi wa Malindi, mafungu yakaandikwa. Naibu wa chifu akatoa barua ya watu watano wa nyumba, na hapo Bibi alitufaa tena, kwani kule uwezo wa familia ya wanne hugawanywa kwa 2.46 na wa watano kwa 2.85. Baba akala kiapo mbele ya wakili kuhusu mapato ya tuktuk yake, kwa kuwa tuktuk haina hati ya mshahara. Kisha tafsiri, kisha mihuri ya wizara na ya ubalozi Nairobi, safari za basi la usiku zikifuatana. Msaada aliupata.

Sasa anasoma uhasibu, na akitupigia simu hutuuliza maswali mazito kuliko ya walimu wake. Desemba iliyopita mabati ya upande wa ukumbi yaliezuliwa na upepo. Zamani Baba angekopa na kunyamaza. Safari hii mdogo wangu alitaka apelekewe bei ya fundi, akaigawanya kwa arobaini, akamtumia kila mmoja ujumbe wa deni lake. Ami aliguna, akalipa. Shangazi alituma za mafungu yake saba siku hiyo hiyo, akauliza kama fundi yuko huru, kwa sababu anataka chumba chake cha upande wa uani kipakwe chokaa.