Friza ya Bwana wa Kimara

Yupo bwana mmoja wa Kimara ambaye mwandishi wa makala haya anamfahamu kupita kiasi: wanavaa viatu vya namba moja, wanadaiwa na muuza genge mmoja, na hakuna aliyewahi kuwaona wamekaa pamoja. Bwana huyu alikwenda zahanati kupima malaria. Malaria haikuonekana, ila presha ilionekana, 150 kwa 95. Daktari alimtazama kama fundi anavyolitazama gari ambalo mwenyewe anasema lina tatizo dogo tu, kisha akasema, "Kaka yangu, chakula kiwe cha nyumbani. Na chumvi punguza."

Sasa, bwana huyu anaishi peke yake, na kwa miaka tisa mlo wake ulikuwa wali wa mama ntilie mchana na chipsi mayai za kibandani usiku. Alilitafakari agizo la daktari njia nzima. Alipofika Kimara Mwisho alikuwa ameshalipatia tafsiri: ameambiwa ale nyumbani, hakuambiwa apike nyumbani.

Akanunua friza. Ilikuwa ile ya kulala, ya mtumba, nyeupe, ndefu kama jeneza. Vijana wanne walipokuwa wakiibeba kuipandisha ngazi, jirani mmoja alitoka na khanga begani kuja kutoa pole.

Jioni ile ile ikajazwa: piza, lazanya, sambusa, chapati, vipande vya kuku vilivyoviringishwa kwenye chenga za mkate. Piza ilipewa heshima ya kufungua pazia. Maelekezo kwenye boksi yaliandikwa kwa lugha tatu, na zote tatu zilikubaliana kuhusu jambo moja, oveni. Bwana wa Kimara ana jiko la gesi la plate mbili. Akaweka piza kwenye kikaangio, akafunika na sufuria, akasubiri robo saa. Ilipotoka, chini ilikuwa mkaa na juu bado theluji, Mlima Kilimanjaro mzima umelala kwenye sahani.

Kwa haki, barafu haikuwa na hatia. Ufundi wa kugandisha chakula una ukoo wa heshima. Mmarekani Clarence Birdseye alipokuwa Labrador, ambayo leo ni sehemu ya Kanada, kati ya 1912 na 1915, aliwaona Wainuit wakivua samaki kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Samaki aliganda palepale, na miezi baadaye, akishayeyushwa, alikuwa bado na ladha ya samaki aliyetoka majini. Siri ilikuwa kasi. Chakula kikiganda polepole, maji yaliyomo hujenga chembe kubwa za barafu zinazochana chakula kutoka ndani. Kikiganda haraka, chembe hubaki ndogo na chakula hubaki na umbo lake. Birdseye akaunda mitambo ya kuiga baridi ile, na tarehe 6 Machi 1930 vyakula vyake vikaanza kuuzwa kwa wateja wa kawaida huko Springfield, Massachusetts.

Somo hilo bwana wa Kimara alilipata kwa njia ya nyanya. Zilishuka bei sokoni, akanunua ndoo nzima, akaitumbukiza kwenye friza kama ilivyo. Baada ya wiki alitoa nyanya za kachumbari, akapata vifuko vya maji vyenye ngozi nyekundu. Kwa mchuzi zilifaa sana. Kwa kachumbari ilibidi anywe. Soda ya chupa aliyoisahau humo nayo ilijieleza usiku wa manane, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9 na kioo hakina subira.

Kampuni ya Swanson ya Omaha, Nebraska, ndiyo iliyoupa umaarufu mlo kamili wa kugandishwa. Mwaka 1953 ilianza kuuza sinia ya alumini yenye bata mzinga, njegere na viazi vitamu, kila kitu kwenye kichumba chake, kwa senti 98. Mnunuzi alitakiwa kuiweka kwenye oveni dakika 25 tu. Oveni tena! Hata historia ilikuwa inamsengenya.

Baada ya wiki tatu alirudi zahanati akiwa na uso wa mtu aliyetii. Kipimo kikasoma 154. Daktari akamuuliza anakula nini, akajibu kwa fahari, "Vya nyumbani, dokta. Tangu siku ile sijagusa kibanda." Daktari akamwomba akasome nyuma ya maboksi.

Akasoma. Lazanya ilikuwa na miligramu 900 za sodiamu kwa mlo mmoja, na boksi, kwa maandishi madogo ya kumtafuta mtu ubaya, lilikuwa milo miwili. Yeye alikuwa akilimaliza peke yake, amesimama, mfuniko wa friza ukiwa bado wazi. Ukitaka kuijua chumvi, zidisha sodiamu mara mbili na nusu. Miligramu 1,800 ni gramu 4.5 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kijiko cha chai kimoja kisichojaa vizuri. Yaani adhuhuri ilikuwa imeshamaliza karibu mgao wote wa siku, na chai ya jioni bado inasubiri na maandazi yake.

Kinachoudhi ni kwamba chumvi yote ile haihitajiki kukilinda chakula. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bakteria hawaongezeki, wapewe chumvi wasipewe. Imewekwa kwa ajili ya ulimi. Katika friza hiyo hiyo kulikuwa na mfuko wa njegere ambao bwana wa Kimara hakuwahi kuufungua isipokuwa kuuweka kwenye goti lililovimba. Orodha ya viambato vyake ilikuwa na neno moja, njegere. Mboga za namna hiyo hugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, na kwa vitamini hazioni haya mbele ya zile zilizoshinda siku tatu juani kwenye meza ya gengeni.

Basi akaamua kupika. Alianza na maharage mekundu, na kwa kuogopa gesi akayachemsha kwa moto wa mshumaa, akazima yalipoanza kulainika. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na mchemko wa nguvu. Moto wa kubembeleza hauiondoi, na punje nne au tano zisizoiva zinatosha kumsumbua mtu. Yeye alikula bakuli. Asubuhi akapanda basi la mwendokasi kuelekea Kivukoni. Basi lilikuwa na mwendo, lakini kasi yote ilikuwa tumboni. Alishuka Ubungo.

Huruma ikaja kutoka Tanga, kwa basi la saa kumi na mbili, na mabegi mawili na nazi kumi na nane.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hebu nione hilo jokofu wanalolisema." Shangazi akafunua mfuniko, akatazama ndani, akaufunga polepole. "Mwanangu, humu umeweka vitu au umemweka mtu?"

Usiku ule walikula ugali na ng'onda ya papa kwenye tui zito. Chakula cha asili, hakina boksi wala lugha tatu. Bwana wa Kimara alijaza kibakuli, kesho yake akaenda nacho kazini, akakipasha kwenye maikrowevu ya ofisi iliyoko ghorofa ya nne, jengo lenye kiyoyozi kimoja kinachogawa hewa vyumba vyote. Papa mkavu hana siri. Ndani ya dakika tatu mkutano wa wahasibu uliahirishwa na mtu wa usalama akapanda kuuliza kama kuna panya aliyefia kwenye dari.

Harufu ilipita, chumvi ikabaki. Ng'onda ni samaki aliyekaushwa kwa chumvi, na shangazi huiloweka usiku kucha na kubadilisha maji mara mbili. Shangazi alipokwenda harusini Mbagala, mpwa akajipikia mwenyewe bila kuloweka, halafu kwa kuwa mchuzi ulionekana mpweke akaongeza vidonge viwili vya kiungo. Alikumbuka boksi baadaye. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilichozidi kikitangulia, na kwenye kidonge kile kilichotangulia kilikuwa chumvi. Sufuria lake la asili lingeweza kuifundisha lazanya adabu.

Swali alilokuwa akijiuliza, cha friza au cha nyumbani, lilikuwa limekaa vibaya tangu mwanzo, na aliyelinyoosha ni shangazi, ambaye hajawahi kusoma boksi lolote. Kila mwaka kabla ya Ramadhani yeye na majirani zake hukaa mkekani siku nzima wakifunga sambusa mbichi, wakazigandisha, na jioni za mfungo wanakaanga za kuwatosha tu. Ni za nyumbani na ni za friza. Aliyetia chumvi anajulikana kwa jina.

Kwa hiyo siku moja ya Jumapili alimsimamisha mpwa wake jikoni. Maharage yalilala kwenye maji, maji yakamwagwa, yakachemshwa kwa moto mkali hadi yakaiva kweli. Yakagawanywa kwenye makopo madogo ili yapoe upesi, maana chakula kilichoiva hakitakiwi kukaa mezani zaidi ya saa mbili. Hayakutiwa nazi. "Tui likiganda hukatika," shangazi alisema. "Nazi utaikuna siku ya kula. Mikono si unayo?"

Mtihani ukaja mwezi uliofuata, msibani Morogoro. Akiwa huko akapata habari kwamba Luku imekata. Friza iliyojaa huweza kuhifadhi baridi yake kwa saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24, ilimradi isifunguliwe. Bwana wa Kimara alikuwa amemwachia kijana wa jirani ufunguo, akawa anampigia kila saa: "Hebu fungua uangalie kama bado kuna baridi." Kijana, mtoto mtiifu, alifungua mara kumi na tisa. Wazo la kununua uniti kwa simu na kumtumia tokeni lilimfikia bwana huyu akiwa kwenye basi la kurudi, pale Mlandizi.

Makopo ya katikati yalikuwa bado na barafu, yakaokoka. Kuku alizikwa. Na presha, kwenye kipimo cha mwezi wa nne, ilisoma 136 kwa 86, ingawa daktari alikuwa ameongeza kidonge kimoja, ili friza isije ikajisifu peke yake.

Limebaki jambo moja. Shangazi, kama wanawake wote wa Afrika Mashariki wenye akili, hakununua makopo mapya. Alitumia ya aiskrimu. Jumamosi iliyopita bosi wa bwana wa Kimara alimtembelea na watoto watatu. Watoto waliiona friza, wakaomba ruhusa, wakapewa, wakarudi wamekumbatia kopo lenye picha ya stroberi, na vijiko vitatu mkononi. Mdogo wao alilia hadi wakati wa kuondoka. Msomaji, kama unalo kopo la namna hiyo, chukua kalamu leo hii uandike juu yake MAHARAGE, kwa herufi kubwa.